Mtoto Mmoja, Wajina Watatu

Tegeni sikio, wenye meno na wenye mapengo. Nimekuja na kesi isiyo na mkosaji. Ni kesi ya watu watatu waliotenda wema mmoja, na kuugawa wema huo kulinitoa jasho mimi mtu mzima niliyesomea ualimu.

Miaka kumi na mitatu iliyopita nilikuwa nafundisha fizikia Lubwe, ubavuni mwa Mlima Rungwe, kule ambako sweta la shule likilowa mwezi wa tatu hukauka mwezi wa sita. Nyuma ya jiko la shule palikuwa na ghala la mahindi lisilotumika, na humo ndimo tulimofanyia klabu yetu ya roboti. Hadi leo nikipita kwa fundi redio nikasikia harufu ya risasi inayochomelewa, husimama kidogo. Wenye haraka zao hunipita. Mimi nakuwa nimerudi ghalani: mvua juu ya bati, ndizi za kuchemsha kwenye sufuria, na vichwa vitatu vimeinamia meza moja hadi vinagongana.

Klabu ilianza na sanduku. Wafadhili fulani walituletea bodi mbili za umeme ndogo kama kiganja, mota chache, nyaya, na kompyuta moja iliyokwishatumika na watu wengine mpaka herufi zake zikafutika. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi thelathini na wanne, wakitarajia kuona mtu wa chuma akitembea. Walipoona ni bisibisi na waya, wakaanza kupungua. Mwezi ulipokwisha walibaki watatu.

Wa kwanza aliitwa Lusajo, na kipaji chake kilikuwa kichwa. Baba yake alikuwa askari magereza, mtu wa kuhamishwa kila baada ya miaka miwili, na binti huyo alifika kwetu akiwa amekwisha kusoma shule tano. Ukimwuliza kwao ni wapi, alikuwa anafikiri kwanza. Sasa mashine, kama mnavyojua, haina akili ya kwake. Lazima uiandikie kila hatua kwa lugha yake, na ukikosea alama moja inagoma. Lusajo aliikamata lugha hiyo kama alivyozikamata lugha za vijiji vyote alivyopita. Alinyamaza, akasikiliza, na siku alipofungua mdomo alikuwa mwenyeji.

Wa pili aliitwa Lugano, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alikuwa mvulana mrefu, mpole, wa kuongea maneno kumi kwa siku. Alitoka kilomita tisa kuja shule kwa baiskeli aliyoachiwa na marehemu baba yake, na baiskeli hiyo ilikuwa inang'aa kuliko mwenyewe. Umpe Lugano mota ya waipa ya lori bovu, spoki mbili na kopo la rangi, umwache. Ukirudi jioni utakuta kitu kinazunguka.

Wa tatu aliitwa Atupele, na kipaji chake kilikuwa mdomo, pamoja na moyo uliokaa nyuma ya mdomo huo. Alikuwa mzaliwa wa Kasyeto, ng'ambo ya mto Lusyo. Lubwe alipanga chumba na wasichana wenzake, kwa sababu mto ule ukijaa huwezi kujua utapungua lini. Atupele angeweza kumsalimia mtu aliyenuna, na kabla salamu haijaisha mtu yule anamwonyesha picha za wajukuu zake.

Niwaambie na hili mapema, litawafaa baadaye: Lusajo, Lugano, Atupele, yote ni majina ya kwetu Unyakyusa ambayo anaweza kupewa mvulana na anaweza kupewa msichana.

Basi, roboti yetu ya kwanza ilikuwa ya kupiga mpira. Ilikuwa na magurudumu matatu na mguu wa bati, na siku ilipofunga bao la kwanza kati ya matofali mawili, mimi na Lugano tulikumbatiana. Lusajo alikuwa anacheka. Atupele peke yake ndiye hakucheka.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Kwetu ng'ambo mwaka jana alikufa mama Lwitiko. Dawa ilikuwa hapa Lubwe, ipo kabatini, inaonekana. Mto ulikuwa umejaa. Sisi tunatengeneza mashine ya kucheza mpira na watoto wapo wanaoweza kucheza?"

Lugano ndiye aliyeiinua roboti kutoka sakafuni, akaigeuza chali, akaanza kulegeza skrubu moja baada ya nyingine.

Juu ya korongo la Lusyo, mahali ambapo mto umebanwa na miamba, ulikuwa umebaki waya mnene wa chuma. Wapasua mbao wa zamani waliutumia kuvushia magogo, kisha wakaondoka wakauacha. Ulikuwa na urefu wa hatua kama mia na hamsini. Upande wetu ulifungwa kwenye nguzo ya zege. Upande wa Kasyeto ulifungwa kwenye nguzo iliyo ndani ya migomba ya Mzee Mwaisanila. Na mzee yule aliuchukia waya ule. Magogo yalimvunjia kahawa zake zote na hakuna aliyemwomba radhi. Alikuwa amekwisha kuazima msumeno wa chuma aukate.

Atupele akaenda kumwona. Akafukuzwa. Akaenda tena, akafukuzwa kwa adabu zaidi. Mara ya tatu aliambiwa mzee hayupo, na huku kofia yake inaonekana dirishani. Mara ya nne hakuuliza habari za mtu. Alisalimia, akaketi jikoni na mke wa mzee, akamenya ndizi mpaka ndoo ikajaa. Mzee akaja mwenyewe mlangoni.

"Wewe mtoto, mbona leo husemi habari za waya?"

"Shikamoo, babu. Nimechoka kuomba. Leo nimekuja kusalimia tu."

Mzee akacheka mpaka akashika mlango. "Marahaba. Haya, waya uache hapo. Lakini mashine yenu ikimwangukia ng'ombe wangu, utakuja kunyonya maziwa ya mbuzi mbele yangu."

Ilituchukua miezi saba. Lugano alichonga kapi mbili kutoka kwenye vyuma chakavu, akazipanda juu ya waya, akaning'iniza chini yake mota ya waipa, betri ya pikipiki, na ndoano ya kubebea mzigo. Lusajo akaandika maagizo: ukiambiwa nenda, nenda, ukiambiwa simama, simama. Kisha akaongeza agizo moja ambalo tulilipigia makofi kwa busara yake. Rimoti yetu ilifika hatua themanini tu, nusu ya korongo na zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu mmoja alikaa upande huu na rimoti yake, mwingine upande ule na ya kwake, wakapokezana katikati. Ikitokea mashine imepotea, haisikii rimoti yoyote, agizo la Lusajo lilisema: rudi ulikotoka. Mashine yenyewe tuliipa jina la Mbega, kwa sababu ilikuwa nyeusi, ina boksi jeupe, na inaishi juu.

Kiangazi kile Mbega alivusha barua, alivusha mbegu za maharage, mara moja alivusha jogoo aliyefungwa miguu ambaye nadhani hakutusamehe. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakuja na viti vyao kutazama. Watoto wa darasa la tatu walianza kutengeneza Mbega wao wa vibiriti na nyuzi. Zilikuwa siku nzuri. Mtu akiwa ndani ya siku nzuri hajui. Mimi nimekuja kujua baadaye, nikiwa nimekaa ofisini na karatasi.

Kisha ikaja masika.

Ijumaa moja ya mwezi wa nne Atupele aliomba ruhusa akaenda kwao. Jumamosi alfajiri mto ulibeba daraja letu la chini chini, lile lililofunikwa kila masika, mbao zake na mawe yake, kama mtu anayefagia uwanja. Jumapili saa tatu asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu nikaona tabibu wa kituo cha afya cha Lubwe anakuja mbio, koti jeupe limemganda mwilini, ameshika lile boksi la chanjo lenye kamba ya begani.

"Mwalimu, ile mashine ya watoto inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kiangazi."

"Nesi Enala amepiga simu kutoka Kasyeto. Bupe, mke wa Ambwene, amejifungua salama mtoto wa kike, lakini damu haikatiki. Dawa ya kuzuia damu lazima ikae kwenye baridi, na jokofu la kule lilizima juzi, zote zimeharibika. Enala anamkanda tumbo kwa mikono hapo alipo. Amenipa saa moja, na robo yake imeshakwisha nikija hapa." Akaligonga boksi. "Humu kuna vichupa vitatu. Ndivyo vyote nilivyo navyo."

Lugano alikuwa kwenye bweni la wavulana, Lusajo ghalani. Mvua ilikuwa imemzuia Lugano asirudi kwao tangu Ijumaa. Sikumaliza kueleza. Lugano alimbeba Mbega mgongoni kama mtoto, Lusajo akafunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, tukashuka kwenda korongoni tunateleza. Tabibu akampigia Enala kumwambia aweke mtu penye waya. Mtu huyo, mmeshamjua, alikuwa Atupele.

Tulipofika, mto haukuwa na sura ya mto. Ulikuwa udongo unaokimbia, na miti mizima ndani yake. Tukampandisha Mbega juu ya waya, tukafunga boksi, Lusajo akabonyeza. Mota ikalia, magurudumu yakazunguka, na Mbega akabaki pale pale. Waya ulikuwa umelowa na kuota ukungu wa kijani. Kapi za chuma juu ya chuma chenye utelezi. Zilizunguka tu bila kupiga hatua.

Lugano aliweka kidole kwenye waya, akakinusa, akaondoka bila neno. Nilidhani amekata tamaa. Alirudi anasukuma baiskeli ya baba yake. Akailaza kwenye matope, akatoa panga la shule alilolichukua jikoni, na mbele ya macho yangu akalipasua tairi la nyuma kutoka upande hadi upande. Akalipasua na la mbele, akakata mikanda ile yenye meno, akaivalisha kapi na kuifunga kwa spoki alizozing'oa kwa koleo. Spoki moja ilimchana kiganja. Aliendelea kufunga, damu na mvua vinachuruzika pamoja. Ilipokwisha, baiskeli ile ilikuwa mifupa. Baada ya hapo Lugano alitembea kilomita tisa kuja na tisa kurudi mpaka alipomaliza kidato cha nne.

"Jaribu," akasema.

Lusajo akabonyeza. Tairi likauma waya. Mbega akasogea hatua tatu, nne, tano. Tulianza kushangilia. Lusajo akapiga ukelele: "Mrudishe! Simamisha!" na akamrudisha yeye mwenyewe.

"Nini tena?" tabibu akauliza, sauti imepanda.

"Rimoti ya pili," Lusajo akasema. "Ipo ghalani. Atupele hakwenda nayo. Mbega akifika katikati hatasikia mtu. Nilimfundisha akipotea arudi. Atarudi, Mwalimu. Ataifikisha dawa katikati ya mto halafu atarudi nayo."

Akachuchumaa. Nikavua koti nikamfunika pamoja na kompyuta. Chaji ilikuwa imebaki asilimia sita. Chini ya koti lile nilimsikia anapumua na vidole vinagonga herufi zisizoonekana. Agizo lenyewe lilikuwa mstari mmoja. Alilifuta. Mahali pa kurudi akaandika kuendelea. Kisha vidole vikasimama.

"Mwalimu."

"Naam."

"Nikituma hili, hakuna wa kumzuia. Akikwama katikati, vichupa vyote vitatu vimekwama naye, mpaka mto upungue. Hatutaweza hata kumvuta."

Nilimtazama tabibu. Tabibu alimtazama mtoto yule wa miaka kumi na saba, na nadhani wote wawili tulikuwa tunasubiri mwingine aseme. Sisi watu wazima tulinyamaza. Hilo silisahau.

"Wewe unaonaje?" hatimaye nikauliza.

"Naona yule mama hawezi kungoja mto."

Akabonyeza. Kompyuta ikazimika dakika moja baadaye, lakini agizo lilikuwa limekwisha kuingia.

Mbega akaondoka. Hatua ishirini, hamsini, themanini. Pale alipozoea kupokelewa na rimoti ya pili akasita. Kisha akaendelea, mweusi na mweupe katikati ya mvua, peke yake, haelekezwi na mtu. Lugano alikuwa anahesabu kwa mdomo. Alipofika mia na arobaini akaacha kuhesabu.

Upande wa Kasyeto waya hupanda. Betri ya pikipiki ilikuwa imepambana na mvua na mlima, na ikachoka. Mbega alisimama hatua kumi kutoka ukingoni, ananing'inia juu ya maji, na hakuna tena kidude cha kubonyeza.

Yaliyofuata niliyaona kwa mbali, nikaelezwa vizuri baadaye. Penye nguzo walikuwepo watu kama ishirini, na Mzee Mwaisanila ameleta upembo wake mrefu wa kuangulia maparachichi. Upembo haukufika. Wanaume wakaanza kubishana nani mwepesi, nani mwenye mke, nani aliwahi kupanda mnazi. Atupele hakubishana. Alifunga kamba ya ng'ombe kiunoni, akampa mzee ncha yake.

"Babu, nishikilie."

"Mtoto, siku ile nilikuwa natania. Mimi ni mzee, mikono haina nguvu."

"Waite unaowaamini wakusaidie. Mimi nakuamini wewe."

Akaudaka waya kwa mikono na kwa kukunja magoti, akatambaa chali juu ya maji yale, upembo umefungwa mgongoni. Hatua moja. Mbili. Mvua inampiga machoni, hawezi kujifuta. Hatua ya nne mguu wake mmoja ulitoka kwenye waya, akabaki ananing'inia nusu, na upande wetu Lusajo alijifunika uso. Akaurudisha. Hatua ya sita akauchomoa upembo, akanyoosha, akaikosa ndoano, akanyoosha tena, akainasa. Watu wakavuta kamba, kamba ikamvuta Atupele, Atupele akamvuta Mbega, mpaka wote wawili wakaangukia ndani ya migomba.

Kijana mmoja mwenye mbio alilichukua boksi. Nesi Enala aliniambia kwamba alipolifungua, barafu ilikuwa bado ngumu. Baada ya sindano alikaa na mkono wake juu ya tumbo la Bupe, akalisikia linakaza taratibu, linakaza, mpaka likawa gumu kama chungwa. Ndipo akamwambia mama mkwe aliyekuwa mlangoni: "Njoo sasa umchukue mjukuu wako, mimi nataka kukaa chini."

Laiti ningeishia hapo, ningeitwa msimulizi wa furaha. Lakini ilikuja siku ya kumpa mtoto jina.

Mto ulikuwa umepungua, tukavuka kwa magogo. Nyumbani kwa Ambwene walipika ndizi na maharage, wakatandika mkeka mpya, wakawaketisha wanafunzi wangu watatu mahali pa wageni. Bibi Sekela, mama mkwe wa Bupe, akasimama na mtoto mkononi.

"Mtoto huyu tumemchelewesha jina," akasema. "Tulitaka achukue la mtu aliyemwachia mama yake. Na katika ukoo huu, anayempa mtoto jina si mgeni tena. Akija hapigi hodi. Kwenye msiba wetu analia ndani, halii uani. Kwenye arusi yetu anaketi na wenye arusi. Na mtoto ataambiwa habari za wajina wake tangu ananyonya, afuate nyayo zake. Sasa tumekaa siku ngapi, hatuelewani."

Nikajifanya mwerevu. "Bibi, kwani asiitwe yote matatu?"

"Mwalimu, wewe ukiita watatu kwa pamoja, nani anaitika? Undugu ni kama kanga. Ukiikata vipande vitatu haimfuniki mtu."

Akasema la moyoni mwake kwanza. "Mimi nasema Atupele. Nilikuwepo. Nilimwona juu ya maji na mguu umetoka. Wenzake walitenda, sikatai, lakini walikuwa wamekanyaga ardhi. Na waya wenyewe ungekuwepo bila yeye? Na wazo la kuvusha dawa lilitoka kwa nani?"

Ambwene, baba wa mtoto, fundi seremala, akatikisa kichwa. "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi ni mtu wa kazi za mikono, najua kitu kinachoshika na kisichoshika. Bila tairi lile Mbega angekuwa bado anazunguka palepale. Atupele angetambaa kufuata nini? Na yule kijana alikata urithi wa baba yake bila kuuliza atalipwa na nani. Mimi nasema Lugano."

Tukamgeukia Bupe. Alikuwa bado amepauka, amejifunga shuka. Alisema polepole. "Mimi naona Lusajo. Tairi liliuma, na mashine ingerudi. Atupele angesimama penye nguzo akingoja kitu kisichokuja. Halafu nafikiria ile dakika. Watu wazima wamenyamaza, na mtoto ndiye anachukua uamuzi. Kama ningekufa, wangesema ni yeye aliyepoteza dawa. Angebeba hilo maisha yake yote. Alikubali kulibeba kwa ajili yangu, na hanijui hata sura."

Hapo nikaona ugumu wake. Kila mmoja alikuwa na haki, na haki ya mmoja haikuipunguza ya mwenzake hata punje.

Bibi akasema wenyewe waulizwe. Lusajo alitazama mkeka. "Mpeni Lugano," akasema. "Mimi niliandika mstari mmoja." Lakini nilikuwa nimemfundisha karibu miaka miwili, na nilijua ni msichana aliyesoma shule tano na hajawahi kuwa na nyumba asiyoipigia hodi.

Lugano akasema, "Msiniulize." Maneno yake ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha.

Atupele akacheka, kisha macho yakamjaa. "Mimi sitadanganya mbele ya watu wangu. Nalitaka. Mguu uliponiponyoka pale juu niliogopa sana, na tangu siku ile nikilala naota maji. Ningependa kupata kitu cha kuniambia kwamba ilistahili." Akajifuta. "Lakini nikipewa nikiwaona hawa wawili wanarudi Lubwe mikono mitupu, sijui nitalibebaje."

Mtoto alikuwa ananyonya kidole.

Ndipo Bibi Sekela akaja mpaka nilipoketi, akaniwekea yule mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. "Hawa watatu ni wako, Mwalimu," akasema. "Uliwaona wakianza. Taja jina moja, nasi tutalikubali."

Daraja la Lusyo sasa ni la zege, magari yanapita. Waya ulishushwa, vijana wa leo ukiwaambia palikuwa na Mbega pale juu wanakutazama kwa huruma. Ghala limekuwa maabara nzuri yenye kompyuta kumi na mbili, na sijasikia vichwa vikigongana humo. Lusajo yuko mbali anaandikia mashine kubwa zaidi. Lugano ana karakana Tukuyu, na maneno yake yamefika kumi na tano kwa siku. Atupele alisomea unesi, akarudi Kasyeto, na anakaa kwenye kiti cha Enala.

Siku ile nilitaja jina moja. Ni mojawapo ya yale matatu, na kuna msichana wa miaka kumi na miwili anayeliitikia kila asubuhi darasani. Wale wawili ambao sikuwataja walikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ila mmoja wao alitoka kwenda kutazama mvua, na akakaa barazani muda mrefu sana, na siku ile mvua haikuwa inanyesha.

Sitawaambia nilimtaja nani. Nimechoka kubeba hukumu ile peke yangu, na nyinyi mmeyasikia yote niliyoyasikia mimi. Kuna aliyeifanya mashine ishike, kuna aliyeifanya isirudi, na kuna aliyeifikisha. Toa mmoja, na Bupe hayupo.

Haya, mtoto yupo mapajani mwako, na bibi amesimama anakungoja. Unamwitaje?